Shangazi, sungura wa mwanangu hafuliki na nyumba imegawanyika

Shangazi, shikamoo.

Niwie radhi kwa barua ndefu, nimekosa wa kumweleza. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kike, ana miaka miwili na nusu. Tunaishi Tanga mjini pamoja na mama mkwe wangu. Mume wangu yuko Muscat, ni dereva, na mkataba wake haujaisha. Aliondoka mtoto akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama dede.

Mwaka jana alimtumia binti yake sungura wa manyoya kwa mkono wa mwenzake aliyekuwa anakuja likizo. Ni wa kijivu, ana masikio marefu, na tumboni kuna kidude kigumu, ukubwa wa kiberiti. Ukimbonyeza unasikia sauti ya mume wangu: "Lala mama, baba yupo." Alijirekodi mwenyewe dukani alipomnunua. Tangu siku ile mtoto na sungura hawaachani. Anamwita Sungu. Akila, Sungu yupo mapajani. Akienda chooni, Sungu anamsubiri mlangoni. Na usingizi haumpati mpaka ashike sikio la kushoto la Sungu, alinyonye, halafu abonyeze tumbo asikie baba yake.

Tatizo, Shangazi, Sungu ananuka. Amemwagiwa uji, amemwagiwa maziwa, amekojolewa kitandani, ameburutwa uani. Lile sikio linalonyonywa manyoya yake yameshikana yakawa magumu kama katani. Nimetazama lebo yake, ina kibeseni kilichokatwa kwa mistari miwili, nikaambiwa maana yake asitiwe majini. Zipu hana, amefungwa kwa mshono tu mgongoni, kwa hiyo kile kidude hakitoki. Mimi humpangusa kwa kitambaa kibichi, anakuwa afadhali siku ile, kisha harufu inarudi.

Mvua zilipoanza mtoto akaanza kukohoa usiku. Mama mkwe anasema ni Sungu. Kwake dawa ni moja: alowekwe kwenye ndoo ya jiki usiku kucha, akipona apone, asipopona atupwe, mtoto atalia siku mbili atasahau. Siku moja nilimkuta ameshamtia kwenye ndoo, bado maji tu. Nikamtoa. Sikusema neno na yeye hakusema neno, lakini tangu hapo tunaongea ya jikoni tu. Jirani yetu naye ananishauri nimfunge kwenye mfuko na vidonge vya nafthalini, halafu nimfukize udi. Mdogo wangu anasema nimpeleke kwa fundi cherehani ampasue, atoe kile kidude, nimfue vizuri yaishe. Mwalimu wa dei kea kanipa taarifa kwamba Sungu asiende tena pale mpaka awe safi.

Mume wangu sijamwambia. Ataona hatumtunzii zawadi yake, na yuko mbali hawezi kusaidia chochote.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Mtoto akishalala, na mimi humbonyeza Sungu tumbo.

Nisaidie, Shangazi. Namsafishaje bila kuiua ile sauti? Kweli ndiye anayemkohoza mwanangu? Na je, nagombana na mama wa watu kwa sababu ya mdoli? Au namdekeza mtoto?

Ni mimi, Mama Sungu, Tanga.

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku wa kukesha na kikohozi, na pole zaidi kwa ukimya wa jikoni, maana huo unachosha kuliko kazi.

Hujaandika jambo dogo. Ninavyoisoma barua yako, kuna mambo manne yamefungwa kwenye furushi moja: uchafu wa Sungu, kikohozi cha binti yako, sauti ya mumeo, na uhusiano wako na mama. Kwa kuwa yote yamekaa kwa sungura mmoja, yanaonekana lazima yaamuliwe siku moja kwenye ndoo moja. Mimi sioni hivyo. Tuyafungue moja moja, kisha wewe ndiye utakayejua la kufanya, kwa sababu nyumba ni yako na mtoto unamjua wewe.

Naanza na sauti, kwa kuwa ndiyo isiyorudi ikipotea. Leo usiku mtoto akishalala, zima feni, funga dirisha, weka simu karibu na tumbo la Sungu uirekodi. Irudie mpaka upate iliyo safi. Kisha itume kwa mumeo, kwa mdogo wako, na kwa simu ya mama, ili simu moja ikipotea isipotee na sauti. Fanya hivi hata kama hutamgusa Sungu kwa sabuni mwaka mzima. Umeandika kana kwamba adui wa sauti ile ni maji peke yake. Kile kisanduku kina betri ndani, na betri huisha hata ikae mahali pakavu. Viko visanduku vinavyohifadhi sauti betri ikiisha, na viko vinavyoipoteza, na kwa nje huwezi kujua cha Sungu ni cha namna gani. Kwa hiyo swali la sauti lilikuwa njiani linakuja, jiki au si jiki. Ukishakuwa nayo kwenye simu, utaona hata mikono yako inatulia unapomshika Sungu.

Sasa kikohozi. Mama anasema ni Sungu, na wewe unaogopa kwamba huenda ni kweli. Inawezekana ana sehemu ya ukweli. Ndani ya vitu vya manyoya huishi utitiri wa vumbi, wadudu wadogo mno wasioonekana kwa macho. Hawaumi mtu. Wanakula ngozi kavu inayotubanduka, na wanapenda sana unyevu kama wa pwani yetu. Kinachowasumbua watu wenye pumu au mzio ni kinyesi chao, ambacho hurushwa na vumbi na kuvutwa puani. Mtoto anayelala na sungura kifuani, pua ndani ya manyoya, anakivuta karibu.

Lakini utitiri huohuo uko kwa wingi zaidi kwenye godoro na mto. Godoro la mtoto lilianikwa lini? Shuka zinafuliwa kwa maji ya moto? Mbu wanafukuzwa kwa dawa ya kuchoma chumbani? Jiko la mkaa liko karibu na dirisha lake? Ukutani pana ukungu tangu mvua zianze? Na dei kea, watoto wangapi wanakohoa? Mtoto wa umri huu akianza kuchanganyika na wenzake, hupata mafua juu ya mafua. Nakuuliza haya kwa sababu naona hatari moja: Sungu akitupwa leo na kikohozi kisiishe, mtakuwa mmempoteza bure, na sababu yenyewe bado imekaa chumbani.

Kikohozi cha usiku kinachoendelea kinahitaji kuonwa na daktari, awe Sungu msafi au mchafu. Na usisubiri hata kesho ukiona kifua chake kinabonyea ndani anapovuta pumzi, anapiga miluzi kifuani, anashindwa kula au kunywa, au anapumua haraka. Kwa mtoto wa kati ya mwaka 1 na miaka 5, kupumua mara 40 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia ni haraka kupita kawaida. Mhesabie akiwa usingizini, dakika kamili.

Nije kwenye dawa ulizopewa. Waliokushauri wote wanakutakia mema, lakini hapa sitazunguka, kwa sababu tatu kati yake zinaweza kumdhuru mtoto.

Jiki inaua vijidudu, ni kweli. Lakini Sungu amelowa mkojo, na jiki ikikutana na mkojo uliozeeka hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Mtu akikwambia uongeze siki ili itoe harufu, usithubutu, maana jiki na siki pamoja hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu hata kwa mtu mzima aliye chumbani. Jambo jingine ni kwamba dawa ikishaingia katikati ya pamba huwezi kuisuuza ikaisha, na lile sikio linarudi mdomoni usiku huohuo. Hebu itazame tena ile lebo. Karibu na kibeseni mara nyingi huwa kuna pembetatu. Ikiwa nayo imekatwa, waliomtengeneza wamekataza jiki wenyewe, na hilo unaweza kumwonyesha mama bila ubishi. Ukiona na duara limekatwa, usimpeleke hata kwa dobi wa dawa, yule anayesafisha bila maji. Hata lisipokatwa nisingependa, kwa mtoto anayelinyonya sikio lake.

Nafthalini ndiyo inayonitisha zaidi, kwa sababu tumeizoea. Ipo kwenye makabati yetu, ipo vyooni, inanukia usafi. Kuna watu wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD kwenye chembe nyekundu za damu. Upungufu huu umeenea sehemu ambazo malaria imekaa na watu kwa vizazi vingi, na pwani yetu ni mojawapo. Wengi walio nao hawajui. Mtoto wa namna hiyo akivuta sana harufu ya nafthalini, au akinyonya kitu kilichokaa nayo, damu yake inaweza kuvunjika: anapauka, macho yanageuka manjano, mkojo unakuwa wa kahawia nzito. Kwa mtoto anayelala na pua ndani ya kitu, nafthalini isikaribie kitu hicho. Zile nguo zake za kabatini pia ziangalie.

Udi ni mila yetu na nyumba iliyofukizwa ina heshima yake. Ila moshi ni moshi, na kifua kinachokohoa hakitofautishi moshi wa udi na moshi wa kuni. Fukizeni sebuleni mtoto akiwa nje, madirisha wazi, na Sungu asifukizwe hadi kikohozi kiishe.

Basi asafishwe vipi? Umesema unampangusa kwa kitambaa kibichi na harufu inarudi. Nadhani naelewa kwa nini. Kitambaa kibichi peke yake hulainisha uchafu na kuusukuma ndani kidogo, na unyevu ukibaki, harufu huzaliwa upya. Wanaosafisha midoli ya namna hii hutumia povu, hawatumii maji. Chukua bakuli, tia maji ya uvuguvugu kidogo na sabuni ya mtoto, piga kwa mkono mpaka povu lijae juu. Unachota povu tu kwa kitambaa cheupe au mswaki laini mpya, unasugua manyoya juu juu, sehemu ndogo baada ya sehemu ndogo, kufuata yanakolala. Tumbo lenye kisanduku lipite kwa wepesi sana. Kisha kitambaa kingine kilichokamuliwa hadi kisidondoshe hata tone, unafuta sabuni. Rudia kufuta mpaka kitambaa kitoke safi na manyoya yasiteleze vidoleni. Sabuni ya mche na ya unga ziache, ni kali na hazitoki upesi. Sikio la kushoto lifanyie kazi peke yake: lishike lisiguse mwili, lilainishe kwa povu, tenganisha manyoya kwa vidole au kitana cha meno mapana, na hilo ulifute sabuni kuliko sehemu zote, kwa sababu linarudi mdomoni.

Kabla ya povu, kama mkojo unanuka bado, mnyunyizie bekingi soda kavu, ile ya kuokea, mwache nusu saa, kisha mpige-pige nje mpaka itoke yote. Tafadhali usichanganye na magadi wala magadi soda wanayotengenezea sabuni. Majina yanakaribiana, lakini magadi soda huchoma ngozi.

Kukausha ndiko kunakoharibu kazi za wengi. Mkandamize ndani ya taulo kavu, usimkamue. Usimning'inize kwa masikio kwenye kamba, mishono itavutika na kisanduku kitashuka. Kama mna kitanda cha kamba uani, mlaze hapo apate hewa juu na chini, au mweke mbele ya feni, umgeuze kila baada ya muda. Jua la asubuhi ni zuri, ila kali la mchana litampausha. Ukifanya haya masika, siku ya mawingu, jioni anaweza kuwa mkavu nje na mbichi ndani, na hapo uvundo utaingia ambao hukuwa nao. Subiri siku ya upepo. Mbonyeze kwa karatasi ya chooni sehemu nene. Ikipata unyevu, bado.

Hii njia ina mipaka na ni haki uijue. Inasafisha juu. Mkojo uliozama kwenye pamba hautoki kwa povu, na utitiri wa ndani haufi. Kwa utitiri kuna friza. Mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, ndani ya friza ya nyuzi 15 hadi 18 chini ya sifuri, usiku na mchana mzima, unawaua. Kile kijisehemu cha barafu cha friji ndogo mara nyingi hakifikii baridi hiyo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, anza upya. Na akitoka usifungue mfuko palepale, mwache humohumo mpaka arudi joto la chumba, la sivyo umande utaingia kwenye kisanduku. Kisha mpige-pige nje na umpanguse kwa povu, maana utitiri uliokufa na kinyesi chake bado vimo. Ni kazi ya kurudia, na baridi hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo lile la simu lazima liwe limetangulia. Tena friza inataka usiku mmoja bila Sungu. Hilo kwa binti yako si dogo. Unaweza kujaribu kumchezea sauti ya baba kwenye simu usiku huo. Huenda ikamtosha, huenda akalia zaidi kwa kuisikia sauti bila sikio la kushika. Wewe unajua ni usiku gani mnaweza kuubeba.

Ushauri wa mdogo wako wa fundi cherehani si mbaya, ingawa najua ulikuchoma. Kumpasua hakulazimu kuitupa sauti. Fundi mwenye mkono mwepesi anafumua mshono wa mgongoni kiasi cha vidole vitatu, anatoa kisanduku na pamba yote, unabaki na ngozi tupu. Hiyo unaweza kuifua kwa mkono kwa maji na sabuni laini, ikakauka vizuri kabisa. Pamba ya zamani inatupwa, inatiwa mpya ya faiba kama ya mito. Sufi usitie, japo ni ya kwetu na ni nafuu. Ikizeeka huvunjika ikawa vumbi, na vumbi ndilo tunalolikimbia. Kisanduku kinapanguswa kwa kitambaa kikavu, kinashonewa kifuko chake cha kitambaa kigumu, kinarudi tumboni. Faida yake ni kwamba kila baada ya miezi unaweza kurudia.

Hasara zake pia zipo. Sungu mwenye pamba mpya atakuwa mgumu mahali alipokuwa laini, na mtoto atajua. Nyaya za kisanduku ni nyembamba, zinaweza kukatika mkononi mwa fundi. Na kubwa kuliko yote ni betri. Vingi vya visanduku hivi hutumia betri ndogo za duara kama za saa. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuchoma nyama ya ndani kwa muda wa saa 2 tu. Kwa hiyo popote Sungu atakapopasuliwa, mtoto asiwe karibu, betri zihesabiwe, na mshono urudi mara mbili kwa uzi wa nailoni, uuvute kwa nguvu zako zote palepale kwa fundi. Hata usipompasua, uwe unaukagua mshono huo, na macho yake pia. Ukishuku amemeza betri, usimtapishe na usisubiri kuona. Ni hospitali moja kwa moja.

Wako wanaonunua wa pili anayefanana, mmoja akifuliwa mwingine yupo. Mumeo anaweza kumpata hukohuko. Ila watoto wengi hawadanganyiki, wanajua kwa pua. Ukitaka kujaribu, wa pili alale na yule wa kwanza siku nyingi, na kwenye kanga yako, kabla hajapewa.

Hapo nagusa kitu ambacho mama yetu huenda hajakiona, na wengi hatukioni. Daktari wa watoto wa Uingereza, Donald Winnicott, aliyeandika juu ya vitu vya namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba mama wengi huacha kitu hicho kichafuke hata kinuke, kwa sababu wanahisi kukifua kutamkatia mtoto jambo linaloendelea. Harufu unayoikimbia wewe, kwake ndiyo nyumba. Sisemi asisafishwe. Nasema asisafishwe wote kwa mpigo. Unaweza kuanza na miguu na mgongo wiki hii, masikio wiki nyingine. Na mshirikishe. Mpe kitambaa chake, asugue mguu wa Sungu kwa povu na wewe ukisugua mwingine, aone anakauka, asidhani ameibiwa. Watoto wa miaka miwili wanaelewa kuoga.

Uliuliza kama unamdekeza. Mtoto ambaye baba yake aliondoka hajaanza hata kutembea, kapata njia ya kulala naye kila usiku. Mimi siiti hilo kudeka. Wengi huviacha vitu hivi wenyewe, polepole, wakishakua. Lakini kuhusu dei kea nadhani mwalimu ana haki yake: watoto wengi, mate mengi, na Sungu anaweza kupotea kule. Jaribu kumwacha nyumbani mchana, kwanza saa chache, uone.

Sasa mama. Umeandika "mama wa watu", nami nakuomba ufikirie jambo moja. Ile sauti iliyo tumboni mwa Sungu ni ya mwanawe. Kila usiku, kwenye nyumba hiyo, kijana wake aliye mbali anasema "baba yupo", na yeye anaisikia kupitia ukuta. Labda kwake ni uchafu tu na ni kikohozi cha mjukuu, na hilo peke yake linatosha kumtia hofu. Labda kuna zaidi. Mimi simjui, siwezi kusema. Wewe ulifikiri anataka kumtupa Sungu kwa kuwa hajali. Umewahi kumuuliza anajisikiaje akiisikia? Ukimtumia ile rekodi, mpelekee simu mwenyewe, keti naye, mwambie, "Mama, nimeiweka hii isije ikapotea." Usianze na jiki. Yanaweza kufunguka mengi, au akanyamaza, na ukimya wake pia uuheshimu. Akitaka mkono wake uwepo kwenye kazi, iko kazi inayomfaa mtu mwenye subira: kulitenganisha lile sikio, unywele kwa unywele. Ukiona bado ni mgumu, mtafute mtu anayemsikiliza, wifi yako au mtu mzima wa upande wao, amweleze ya jiki na nafthalini, ili isiwe ni mkwe anamfundisha.

Na mumeo. Umeamua kumficha kwa kumhurumia, nami naelewa. Ila sidhani ni kweli kwamba hawezi kusaidia. Ni yeye peke yake anayeweza kuirekodi upya ile sauti kisanduku kikifa, au kumnunua Sungu wa pili, au kumwambia mama yake maneno mawili kwa simu ambayo wewe huwezi kumwambia. Anaweza kuumia kusikia zawadi inanuka. Anaweza pia kufurahi kwamba imechakaa kwa kupendwa, kwani zawadi ambayo haikuguswa hubaki mpya. Wewe ndiye unayemjua moyo wake.

Kuhusu lile ulilosema hujamwambia mtu: nimelisoma, na sikuona kitu cha kuonea haya. Umekaa peke yako muda mrefu. Siku utakayompigia mumeo kuhusu Sungu, unaweza kumwambia na hilo, ukipenda, au ulibakize lako.

Nisalimie mama, na mtoto apone haraka. Daktari akishamwona, niandikie alichosema.

Shangazi